Moyo wa Mota na Jogoo wa Maximilla

Salim hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe, naye alipokea kwa adabu. Mwaka huo wa tisini na mbili alisikia kwamba Maximilla, mwenye mashine ya kusaga unga pale Nyamasaria, anatafuta mota ya kasi itakayomnyang'anya jirani wateja wote. Tamaa hiyo Salim aliinusa akiwa mbali kule mtaani kwake, Kondele.

Akaunda mota ya sumaku. Sasa, moyo wa mota ya kasi, ule unaozunguka ndani, hutengenezwa kwa mabati membamba yaliyopakwa vanishi na kupangwa kama chapati, ili usipate moto. Ukipata moto, sumaku hufa. Salim, kwa kubana matumizi, alikata kipande kizima cha ekseli ya lori, akakichonga mistari kikafanana na mabati. Kingevumilia muda wa kunywa chai, na huo ulimtosha kuondoka na mota kuukuu ya Maximilla, iliyojaa shaba tupu, ambayo walikubaliana kubadilishana.

"Sikia vile inaimba, Mama!" Salim alisema alipokwisha kuifunga kwenye mashine ya Maximilla.

Iliimba kweli. Unga ukamwagika, akina mama kwenye foleni wakapiga vigelegele, na mota kuukuu ikapandishwa mkokotenini.

"Basi mimi nimeenda, Mama."

"Unaenda wapi, Bwana Salim? Kwetu mgeni hatoki bila kuku."

"Mimi ni Mwislamu, Mama. Sili kuku hivi hivi."

"Ndio maana utachinja mwenyewe. Nabututu, shika huyo jogoo!"

Nabututu, aliyekuwa mbele ya foleni, akaweka debe lake chini. Jogoo alikuwa na akili kumshinda Salim: alikimbia mapema. Wakamzungusha ua mzima huku harufu ya chuma cha moto ikianza kutoka mlangoni.

"Mama, zima mashine ipumzike kidogo."

"Na unga ya ugali yako itatoka wapi?"

Salim alichinja jicho lake likiwa mlangoni. Sufuria haijachemka, mota ikaguna, ikanyamaza. Maximilla akaifungua, akachokoa ule moyo kwa ncha ya kisu.

"Bwana Salim, mbona hizi mabati haziachani?"

Maskini Salim! Aliirudisha mota kuukuu mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, foleni nzima ikimsimamia. Kisha akakaribishwa mezani, maana mila ni mila. Ila firigisi, ambayo ni haki ya mgeni wa heshima, alipewa Nabututu, akaitafuna polepole akimtazama.

"Mama," Salim akauliza kwa unyonge, "ulijua saa ngapi?"

"Wakati ulikataa kuku. Hapa kwetu mtu hakimbii kuku, isipokuwa mwizi."