Ombi la Kushusha Chupa za Marehemu Baba Mkwe

Kwa Mama Mkwe Ofelia, huko Bogotá,

Mama, naomba radhi kwa kukawia kuandika. Uliondoka kahawa inachanua, na sasa inavunwa. Kila nikishika kalamu Salomé anaamka. Akilala yeye, wanaamka ndege wako. Hata hii naiandika nimesimama, mtoto begani.

Naomba ruhusa yako nizishushe zile chupa za maji ya sukari ya ndege ulizoniachia zikining'inia uani. Nimechoka. Sababu zangu ni hizi.

1. Hawa ndege wavumaji, wadogo kama kidole gumba, wanakula kuliko watu. Nachemsha maji, natia sukari, naacha yapoe, nasugua chupa isiote ukungu, na kabla sijanywa kahawa yangu wameshamaliza na wananivumia usoni kama cherehani. Sukari nyeupe ilipoisha niliwatilia sukari guru, hiyo hiyo tunayonywa sote hapa Salamina tangu kuzaliwa. Mwanao Arbey akakwambia kwenye simu, nawe ukasema hiyo ni sumu kwao, nataka kuwaua. Mama, mimi nainywa kila asubuhi, na hakuna aliyepiga simu kuniulizia.

2. Ule uzi mwekundu uliomfunga Salomé mkononi, wa kumkinga na jicho baya, wao wanaudhani ua. Nikimtoa kuota jua wanakuja kuuchokoa. Jicho halijamfikia, mdomo umemfikia.

3. Hili ni zito. Siku tisa za sala za marehemu Don Gildardo zilipokwisha, ulisema yule dume mwenye mashavu ya zambarau ndiye yeye, amerudi kututazama. Sikubisha, hapa kwetu nani atabisha? Lakini anakaa juu ya kamba ya nguo kutwa, na ndege mwingine akigusa chupa anafukuzwa mpaka barabarani. Nilipomtishia kwa kitambaa cha vyombo, jirani yetu Doña Rubiela akaniambia kutoka juu ya ukuta: "Wee Yurany, mwache mzee wa watu ale. Alipokuwa hai ulimpikia, leo unamnyima maji ya sukari?" Nikamjibu kwamba alipokuwa hai alikuwa akiwabakishia wenzake. Akasema, "Alikubakishia lini, mwanangu?"

Arbey naye, akirudi Jumapili kutoka shambani, anamvulia kofia na kumwomba baraka, kisha ananiambia nisipaze sauti mbele ya baba yake.

4. Sasa kama kweli ni yeye, una haki ya kujua: ana mwanamke. Juzi nilimwona akipaa juu na kujiangusha kama jiwe mbele ya jike mmoja, huku ametanua mashavu yake yote mawili. Jike huyo amejenga kiota kwenye mlimau wako, kwa pamba ya mto wako. Mama, nakuheshimu, lakini siwezi kulea mwanangu na watoto wa nje wa baba mkwe pia.

Kwa hiyo ama uje uyaamue mwenyewe, ama unipe ruhusa. Zaidi ya Jumapili sitangoja.

Nisalimie wifi Nubia, mapacha wake wanaokuchelewesha huko, na yule mlinzi wa jengo lenu asiyeitikia salamu. Arbey na Doña Rubiela wanakusalimu sana.

Mimi mkweo, mtiifu ila nimechoka,
Yurany

Nyongeza: Jumapili sikuingoja. Jana asubuhi nilizishusha. Yule jike akaja pale pale, akasimama hewani akipatazama patupu. Akaenda mlimauni kwa makinda yake, akarudi, akatazama tena. Dume wala hakuinuka kwenye kamba. Jike anawalea peke yake, Mama, na anarudi mikono mitupu. Nikawasha jiko, nikachemsha tena maji ya sukari. Ruhusa usinipe tena. Nitumie haya: sukari nyeupe, mfuko mkubwa, brashi nyembamba ya kufika ndani ya chupa, chupa moja mpya yenye maua mekundu, na waya wa kuitundikia upande wa pili wa nyumba, ambako mzee akiwa kwenye kamba haoni.