Jiwe la Ngazi ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 9 Juni

Ukaguzi! Tumetangaziwa asubuhi, chai bado mdomoni. Kila ngazi ya mawe, kutoka kambini hadi ziwa dogo la juu, itapimwa wiki hii. Jiwe litakalotikisika litang'olewa na kuwekwa upya. Mpimaji ni Rula. Nani mwingine? Tangu apewe cheo cha unyapara alichokuwa nacho Kaka, ndugu yangu mkubwa, hata sufuria ya uji anaipima kwa tepu.

Sisi watengeneza njia, jiwe linalotikisika tunaliita jiwe bishi. Unalikanyaga, linakujibu. Ko-ko. Mgeni akilisikia anaogopa, anakanyaga pembeni. Na pembeni huku juu mlimani ndiko kwenye vimea vyetu, vimejibana chini kama mito ya kuchomekea sindano. Chenye ukubwa wa sahani kina umri mkubwa kuliko mimi. Buti moja tu, kwisha habari yake. Udongo unabaki uchi, mvua inauzoa. Yote haya nayajua. Nimewahubiria wageni miaka kumi na tisa, kifua mbele.

Lakini ngazi ya arobaini na moja ni bishi, na ya arobaini na moja haing'olewi. Ni jiwe la mwisho la Kaka. Tuliliweka wawili mwaka jana, yeye kifua kinambana, mimi na mtaimbo upande wa pili. Tuliliweka pale kwenye kona ya Bibi. Bibi ni kimea, kikubwa kama sinia. Kaka aliipinda njia nzima kwa ajili yake. Alisema Bibi ameshakaa, wa kuzunguka ni sisi.

Kazi ilipokwisha akalikanyaga jiwe ili ashuke. Likasema ko-ko. Akacheka, akaitikia karibu, kama mtu aliyebishiwa hodi. Hakupanda tena. Baada ya miezi mitatu tulimzika.

Tangu hapo kila asubuhi nalikanyaga. Ko-ko. Naitikia karibu. Wenzangu wanadhani nimeanza kusema peke yangu. Shauri yao.

Nimeshapanga. Kesho jiwe halitafungua mdomo.

Jumanne, 10 Juni

Mpango ulikuwa mwepesi: kulikalia. Jiwe lililokaliwa halitikisiki. Nikatangulia mapema, nikatulia juu yake na mkate wangu.

Rula akafika, chaki sikioni. Akaniomba nisimame kidogo. Nikamwambia goti limekufa ganzi. Akasema atasubiri. Nikamwambia hii nimeshaipima mwenyewe, imetulia tuli. Akasema vizuri, atasubiri goti. Na akakaa! Mtu huyu hana kazi? Nusu saa tunatazamana, ukungu unapita katikati yetu. Nikamaliza mkate. Nikatafuna hata makombo ya mfukoni.

Kisha nikapiga chafya.

Ko-ko.

Rula hakucheka. Akainama akachora mkasi mweupe wa chaki, ule ule wa mwalimu anapokukosoa, sentimita mbili kutoka makalio yangu. Akaniambia pole, anajua ni jiwe la nani. Pole yake ya nini? Nilimwomba? Amevaa koti la mvua la Kaka. Najua ni la stoo, najua lina namba ya kazi, alipewa tu. Bado ni la Kaka, na mabega yake hayalijazi.

Jumatano, 11 Juni

Kulipopambazuka tu nilikuwa njiani. Nikalowesha mkono wa sweta, nikaufuta mkasi. Nikashuka mpaka ngazi ya kumi na nne, nikachora mwingine huko. Mistari imenyooka, huwezi kutofautisha. Na wakamnyima cheo mtu mwenye akili kama hizi!

Saa nne watu sita wakaizunguka ya kumi na nne na mitaimbo. Jiwe likagoma. Tukasukuma, likagoma. Nasema tukasukuma kwa kuwa mmoja wa hao sita ni mimi. Hilo sikulifikiria. Liling'oka saa saba mchana, ndimi nje, mgongo wangu vipande viwili.

Rula akachungulia shimo muda mrefu. Akasema taratibu kwamba jiwe hili aliliweka yeye, siku yake ya kwanza kazini. Kaka alilirukia mara ishirini, halikutoa hata mlio. Ndipo akampa mkono. Alipokwisha kusema akautazama mkono wa sweta langu. Mweupe wote.

Akaondoka zake. Afadhali angenitukana. Jioni kaweka mkasi upya kwenye ya arobaini na moja, na mtaimbo umeegeshwa kando kabisa. Kesho.

Alhamisi, 12 Juni

Rula aliitwa ofisini asubuhi. Nikasema Mungu si Athumani. Jiwe likishawekwa upya sisi huliacha siku tatu litulie, halikanyagwi. Basi nikachonga kibao: LIMEREKEBISHWA. LINATULIA. PITA PEMBENI. Rangi nyekundu, herufi safi, hata Kaka asingepata la kukosoa, na Kaka alikuwa anakosoa mpaka vibandiko vya dawa. Wenzangu wakaja na vifaa, wakasoma, wakajua Rula kamaliza mapema. Wakapita. Nikakaribia kucheza. Nami nikateremka kuzibua mitaro ya chini.

Sikumbuki kama niliangalia ratiba ya wageni. Nadhani sikuiangalia.

Walikuja arobaini. Watu wenye adabu zao, mstari mmoja, wamesoma kibao, wametii. Wote arobaini walipita pembeni. Upande ule ule.

Nilipopanda saa nane nikamkuta Bibi. Alikuwa tope. Tope na alama za soli, na vijani vichache vimeshikana na udongo. Nilipiga magoti nikajaribu kuvirudisha kwa vidole. Havikurudi. Kaka alimzunguka miaka yote ile, hata kwa mkono hakumgusa. Mimi nimemuua kwa kibao.

Sikuweza kula. Nikateremka mpaka kwa shemeji, mke wa Kaka. Akanipa chai. Nilipoaga akanipa daftari la kazi la Kaka, lile la jalada la bluu. Amelifungia kabatini tangu msiba, hajaweza kulifungua. Akasema labda mimi nitaweza.

Ijumaa, 13 Juni

Ofisini. Mkuu wetu, mama mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti, amepandisha. Akauliza ni nani aliyeandika kibao. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikaona maji yamenifika shingoni. Nikatoa daftari.

Maana nililisoma alfajiri, na kwa nililolikuta karibu nipige vigelegele. Mwandiko wa Kaka, tarehe ya siku ile ile: Ngazi ya 41. Mbishi. Mwache.

Nikapiga meza. Nikasema hii ni amri ya marehemu! Alijua jiwe ni bishi, akaagiza liachwe! Nani hapa anajua njia kumshinda Kaka? Mkuu akasoma. Akampa Rula. Rula akasoma mara mbili, akalirudisha mezani. Mkuu akasema basi jiwe lisiguswe mpaka Jumatatu, atafikiria. Kuhusu Bibi alisema atanipa barua ya onyo, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nimeshinda. Nimeandika tena nijionee: nimeshinda. Mbona sisikii raha?

Jumapili, 15 Juni

Nimerudisha daftari kwa shemeji. Nikamweleza ushindi wangu. Akaomba kuona ukurasa. Nikamwonyesha, kidole kwenye mstari.

Shemeji anafundisha Kiswahili shule ya msingi, miaka thelathini ya kalamu nyekundu. Akavaa miwani. Akasoma. Akaniuliza jiwe linakuwaje, bishi au mbishi. Nikasema bishi, jiwe bishi, ndivyo tunavyosema kazini. Akauliza, na ukitaka liachwe? Nikasema liache. Akaweka kidole kwenye Mwache. Mimi bado sijaelewa, nikasema ni herufi tu, shemeji, alikuwa mgonjwa. Akasema mume wake hakukosea ngeli hata homa ilipompanda. Aliyeandikwa hapa si jiwe, akasema. Ni mtu. Akaniuliza siku hiyo Kaka alikuwa na nani.

Alikuwa na mimi.

Basi niandike. Sijawahi kuliandika hili popote. Jiwe likikaa, kila mtu anajaza kokoto chini ya upande wake, anashindilia, anajaza tena, mpaka zigome. Kaka alijaza upande wake, anahema kwa shida, anapumzika, anajaza. Mimi nilitupia konzi mbili tu za kokoto. Mvua ilikuwa inakuja, vidole vimeganda, nilikuwa na njaa. Akaniuliza kama nimejaza. Nikamwambia tayari. Akanitazama kidogo, akasema haya. Ndipo akalikanyaga.

Kumbe alijua pale pale. Na mimi mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu kuwa Kaka alikuwa mgonjwa, ndiyo maana jiwe lake lilitikisika. Nimeyasema hayo kwa Rula. Nimeyasema msibani.

Shemeji akanimalizia. Akasema jioni ile Kaka alirudi nyumbani akamwambia kifua kikipona atapanda kimya kimya, akajaze mwenyewe, mdogo wake asiaibike. Kila wiki alikuwa akisema kifua kikipona tu.

Nililia kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu. Shemeji alinishika bega. Akasema, "Mbishi wewe," naye akalia.

Jumatatu, 16 Juni

Sikusubiri Mkuu afikirie. Nilimfuata Rula nikamwambia tuling'oe. Nikamwambia na sababu, mbele ya wote. Nikaomba nijaze mwenyewe. Akanipa koleo.

Nilijaza. Nikashindilia mpaka kokoto zikagoma, nikajaza tena. Upande wangu, halafu na wa Kaka, ingawa wa Kaka ulikuwa umegoma tangu mwaka jana, mtaimbo ulishindwa kuingia. Rula akalirukia mara ishirini. Halikutoa hata mlio. Akanipa mkono. Mkono wake ni mgumu, wa mtu wa kazi. Koti lile si kwamba linampwaya sana.

Bibi tumemzungushia kamba. Ukingoni kumebaki kijani kidogo, kama kifungo cha shati. Mkuu anasema akiachwa atajaza sinia lake tena, lakini hakuna kati yetu atakayeishi kumwona.

Wenzangu walipoteremka nikasema nabaki kukusanya vifaa. Nikalikanyaga jiwe. Kimya. Nikalikanyaga kwa nguvu. Kimya kabisa, kama sakafu ya ofisi.

Nikasema karibu. Hakuna aliyekuwa amebisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimefikiria vizuri, kichwa kimetulia. Kokoto tatu. Si konzi, kokoto tatu tu, kutoka upande wangu, na kijiko cha chai kinatosha kuzichokoa. Litabisha hodi kidogo sana, hulisikii mpaka uwe unalijua. Mgeni hatasikia. Na akisikia, atakanyaga upande wa pili, huko Bibi hayuko. Siku tatu hizi linatulia, hakuna anayepita, na aliyepewa zamu ya kulilinda ni mimi. Rula mwenyewe amenipa.

Jioni atapita kuuliza kama bado limejaa vizuri.

Nitamwambia tayari.