Jiwe la Msingi Latimiza Miaka Mitano

Jumatano, 16 Julai

Kura za maoni za chama ni Agosti 4. Tumechukua fomu watu watatu: mimi, Ipyana, na mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Katibu alitaja jina lake, lakini wakati huo nilikuwa napokea simu.

Ipyana hanitishi. Ana pikipiki mpya na mdomo, basi. Kinachonitisha ni jiwe.

Miaka mitano iliyopita, nikiwa natafuta udiwani kwa mara ya kwanza, niliweka jiwe la msingi la daraja la mto Nsyebe. Sikuwa na cheo wakati ule. Nilijialika mwenyewe kuwa mgeni rasmi. Ilikuwa kiangazi, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, na daraja lilionekana jambo dogo. Masika ndiyo yalinionyesha ukubwa wake. Nikaacha kupita kule.

Leo nimekwenda kulitazama. Nilitegemea kukuta magugu yamelifunika. Nikakuta limepakwa chokaa! Pamefagiliwa. Maua yamepandwa pande zote nne. Jina langu linasomeka vizuri: LIMEWEKWA NA NDG. GIBSON MBONILE.

Nikamuuliza Mama Teresia, aliyekuwa anamwagilia maua, nani anafanya kazi hii. Akasema ni kikundi chao cha akina mama, kwa zamu. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mheshimiwa, ulitupa kitu kimoja tu. Tusikitunze?"

Nilimshukuru. Njiani kurudi nikaanza kujiuliza kama ilikuwa pongezi. Nadhani ilikuwa.

Hata hivyo lazima liondoke. Jiwe bila daraja ni shahidi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshuka Tunduma. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Mpemba, foleni ya malori ya mpakani inapita mlangoni. Nikamwita Salum, mwenye lori dogo linalobeba mizigo yangu. Nikamweleza mpango: aje Jumamosi na vijana wawili wenye nyundo na mitaimbo, walivunje, walipakie, wapotee. Wakiulizwa, waseme ni ukarabati.

Salum ni mtu wa Tanga, mwenye adabu na maswali machache. Aliuliza moja tu: njia inafika? Nikamwambia inafika. Kwani mimi diwani wa wapi?

Jumamosi, 19 Julai

Njia haifiki.

Nimekaa miaka mitano nikijua jambo hili bila kulifikiria. Jiwe liko ng'ambo. Nililiweka ng'ambo kwa sababu ng'ambo ndiko kwenye kura nyingi. Barabara, zahanati na ofisi yangu viko huku. Lori likafika ukingoni, likasimama, Salum akashuka. Akatazama mto. Akatazama mawe makubwa yaliyomo na ukingo uliosimama kama ukuta. Akanitazama mimi.

"Bosi," akasema, "tujengee daraja kwanza. Baada ya hapo jiwe nalitoa mara moja."

Vijana wakataka kuvuka kwa miguu na mitaimbo. Lakini akina mama walikuwa wamekwisha kujaa upande wa pili, wanapiga vigelegele. Walidhani lori limeleta daraja! Mmoja akapaza sauti kumwuliza Salum kama limekuja zima au vipandevipande. Mwingine akasema Salum asogee, huenda amelikalia. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikawapungia mkono. Wakanipungia wote.

Najiuliza: mtu mwenye hasira anaweza kupunga mkono kwa furaha namna ile? Siamini.

Jumanne, 22 Julai

Mpango mpya, bora kuliko ule. Jiwe libaki, tarehe ibadilike. Tatizo ni ule mwaka. Ukichongwa mwaka huu, ahadi inakuwa changa, haijachelewa hata siku moja. Hakuna aliyedanganywa. Nashangaa wenzangu serikalini hawajaligundua hili.

Kazi nimempa fundi Tumpale, anayechonga misalaba ya makaburini. Nimemwambia azibe tarakimu moja kwa saruji, achonge nyingine. Afanye kimya.

Akauliza, watu hawakumbuki? Nikamwambia watu wanakumbuka mambo yaliyoandikwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayejifunza.

Alhamisi, 24 Julai

Tumpale amerudi kutoka ng'ambo na harufu ya kuku. Walimpikia. Nikamwuliza kazi imeisha? Akasema imeisha vizuri sana.

Nimekwenda kuona. Tarehe ni ile ile. Ila herufi zote zimechongwa upya, zikaingia ndani zaidi, zikapakwa rangi nyeusi. Jina langu sasa linasomeka kutoka upande huu wa mto. Bila miwani!

Nikamrudia kwa ukali. Akainamisha kichwa akasema, "Mheshimiwa, nisamehe. Mke wangu yumo kwenye kamati."

Kamati gani? Akasema nitaelezwa.

Ijumaa, 25 Julai

Ipyana amevamia jiwe langu.

Jana jioni alivuka, akasimama pembeni yake, akapiga picha, akahutubia. Leah, mke wangu, amezipata picha kwenye simu na kunionyesha wakati nakunywa uji. Ameweka mkono juu ya jiwe kama mtu aliyemshika ng'ombe wake mnadani. Eti yeye akichaguliwa atalijengea uzio.

Nilishindwa kumaliza uji. Jiwe ni langu! Nililinunua mwenyewe, nikalibebesha watu, lina jina langu. Ipyana anawezaje kuahidi juu ya ahadi ya mtu mwingine? Hana hata jiwe moja katika kata hii.

Leah akasema wiki nzima nilikuwa nahangaika kulitupa. Nikamwambia siasa haieleweki kirahisi. Akasema yeye ameielewa, na akaondoa bakuli.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada wamenijia Mama Teresia na akina mama wanne, na kadi. Kadi yenye maua, kama ya harusi. Kamati ya maandalizi inanialika kuwa mgeni rasmi katika sherehe ya siku ya kuzaliwa ya jiwe la msingi. Linatimiza miaka mitano Jumatano. Kutakuwa na keki.

Mama Teresia akasema kwa upole kwamba kama ratiba yangu imebana, Ipyana yuko tayari.

Nikakubali palepale.

Leah hajafurahi. Ameniambia, "Baba Gloria, watu hawafanyii jiwe sherehe kwa sababu wanalipenda." Nikamwuliza kwa sababu gani basi. Akasema niende nikaone.

Mke wangu hajawahi kugombea chochote. Hajui raha ya kualikwa.

Jumatatu, 28 Julai

Kamati imekuja dukani Mpemba. Wamenunua saruji, nondo na misumari ya mbao, kwa michango ya sherehe. Nikawapunguzia bei, na mimi nikachangia mifuko miwili juu. Salum amewapelekea mzigo mpaka ukingoni, wakavusha wenyewe kichwani.

Sherehe gani inataka nondo? Nilitaka kuuliza, lakini mteja ni mteja. Labda ni jukwaa la mgeni rasmi.

Jumatano, 30 Julai

Siku kubwa. Naandika yote kama yalivyotokea.

Nimevuka mto mgongoni kwa Tumpale ili viatu visilowe. Upande wa pili turubai, viti, kipaza sauti, watu wengi kuliko mkutano wangu wowote. Ipyana kawekwa safu ya tatu, nyuma ya mwanamume mrefu. Jiwe limevishwa shada. Pembeni yake keki imeandikwa HONGERA JIWE.

Nikaletewa mtoto nimbebe. Mjukuu wa Mama Teresia. Alizaliwa mwezi Machi chini ya migomba, hapo hapo ukingoni, maji yakiwa yamejaa na zahanati inaonekana ng'ambo. Mama yake aliponea chupuchupu. Mtoto wamemwita Gibson. Nikasikia fahari hata machozi yakanilenga. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba sasa nina wajina. Hakuna aliyepiga makofi. Labda spika ilikuwa na hitilafu.

Kisha risala. Kila sherehe ina risala kwa mgeni rasmi, na kila risala mwishoni ina ombi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ombi la daraja, majibu matatu mfukoni. Mama Teresia akasimama, akasema anasoma kwa niaba ya jiwe.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi jiwe katika miaka hii mitano nina mafanikio mengi. Nimenoa visu na mapanga ya kijiji kizima. Nimeanikiwa nguo na kahawa. Wazee wamenikalia wakisubiri maji yapungue. Mama mmoja mwenye uchungu amenishika usiku kucha, na sikumkimbia. Changamoto yangu ni moja, upweke. Siku ile uliponileta uliniambia wenzangu wako njiani. Mheshimiwa, nimewasubiri. Kama wamepotea, naomba wasilaumiwe, njia ni mbaya. Asante kwa kunisikiliza."

Akakunja karatasi, akakaa.

Hakuomba kitu! Risala bila ombi, sijawahi kuona tangu nizaliwe. Watu wote kimya, wananitazama bila chuki, kama watu waliokuja kuangalia mnyama atakula nini. Majibu yangu matatu hayakuwa na swali. Nikasikia mto.

Nikashika kipaza sauti. Nilitaka kusema asante tu. Naapa. Lakini mdomo una mazoea yake. Nikajisikia nikisema kwamba jiwe hili haliwezi kuendelea kunyeshewa na mvua, na kwamba mimi, Gibson Mbonile, nitalijengea banda la bati.

Vigelegele! Kelele! Akina mama wakaruka. Wanaume wakapeana noti kwa siri, wengine wanatoa, wengine wanapokea, kama watu waliowekeana dau. Mama Teresia akainua mkono, na Tumpale akatoka nyuma ya turubai amebeba jiwe jipya, mwiko na karai la saruji iliyokwisha kukorogwa. Wakaniomba niweke jiwe la msingi la banda la jiwe la msingi.

Nikaliweka. Lilikuwa tayari limechongwa jina langu, na neno BANDA. Cha ajabu ni kwamba rangi ya herufi ilikuwa imekauka, ya siku kadhaa. Watu hawa wanaona mbali sana.

Ipyana hakuombwa hata kukata keki. Siku njema kabisa.

Jumatatu, 4 Agosti

Matokeo. Nimekuwa wa tatu.

Ipyana wa pili. Ameshindwa kwa mbali, na hilo limenituliza kidogo. Aliyeshinda ni yule mama wa ng'ambo. Teresia. Huyo huyo! Hakunitajia kwamba anagombea. Mimi nilimwuliza? Sikumwuliza.

Nimewauliza wajumbe sita aliahidi nini, kwa sababu nilitaka kujifunza mbinu yake. Wote wamesema hakuahidi kitu. Alipewa dakika zake za kujieleza kama sisi, akasimama, akasema wanaomjua wanamjua, akakaa. Jambo hili nimelitafakari mpaka sasa. Naona ni bahati tu.

Nilimpigia kumpongeza. Akasema, "Asante, mwanangu. Njoo Jumapili utusaidie kubeba." Kubeba nini? Simu ikakata.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kwa udadisi.

Kata nzima iko mtoni. Wanaume wamesimamisha nguzo za miti, wanamalizia kufunga mbao. Nondo zangu ziko kwenye zege la ukingo. Saruji yangu pia. Kumbe keki ilikuwa moja, na michango yote iliyobaki ilikuja huku. Ni daraja la watu na pikipiki, si la malori, lakini liko juu ya alama ya maji ya Machi. Mama Teresia mwenyewe anachota mchanga, hata kampeni kubwa haijaanza.

Nikayatafuta mawe yangu kwa macho, ng'ambo. Hayapo. Maua yamebaki peke yake, yamezunguka shimo.

Tumpale akanionyesha. Wameyachimbua yote mawili na kuyatia kwenye msingi wa nguzo ya kwanza, lile la daraja chini, la banda juu yake. Akasema yalikuwa mawe mazuri, ni hasara kuyaacha bila kazi. Herufi zimeelekea majini. Masika samaki watazisoma.

Nikavuka. Nimevuka na viatu. Katikati nilikutana na mama yake Gibson mdogo, mtoto mgongoni, anakwenda zahanati kupima uzito. Alinisalimia vizuri, akapita. Haikumchukua hata dakika.

Nimesimama pale muda mrefu, na ghafla nikaelewa jambo kubwa: daraja nililoahidi limejengwa. Juu ya jiwe nililoweka, tena mawili. Kwa saruji iliyotoka dukani kwangu! Ahadi yangu imetekelezwa ndani ya kipindi changu, ikibaki wiki chache. Ni madiwani wangapi wanaweza kusema hivyo?

Leah nimemweleza. Akaenda kulala.

Ubunge ni miaka mitano ijayo. Nimempigia Tumpale anichongee jiwe moja zuri, kubwa kuliko yale. Aliuliza aandike ni la nini. Nimemwambia aandike jina langu kwanza, chini aache nafasi.