Bwana Nyuki Anakaribisha Wageni

Jumatatu, 22 Septemba 1975

Nimerudi kutoka Kasulu juu ya lori la chumvi. Mgongo umekufa ganzi. Lakini nimerudi na kitabu! Dereva alikuwa akikitumia kukaza mlango usigongegonge. Cha Kiingereza, jalada hakina, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Nimebadilishana naye kwa chupa ya asali. Asali ya serikali, ndiyo, lakini kitabu ni cha maendeleo.

Nakisoma kwa kamusi. Mwandishi anasema maisha yakikuendea kombo, dawa ni tatu: thubutu, beba lawama, buni. Kila dawa ina sura yake. Sura ya nne ipo nyuma, sijaifikia.

Yangu yameenda kombo. Naandika wazi kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mimi Khatibu, mzaliwa wa Pangani, Bwana Nyuki, yaani mtaalamu wa mizinga wa serikali katika kijiji hiki kipya wilayani Kibondo, naogopa nyuki. Na tangu niletwe hapa mwaka jana hajapata kutokea mtu akala nyumbani kwangu. Hata mmoja! Waislamu wenye maduka wako mjini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Hapa kijijini niko peke yangu. Ramadhani yote nafuturu nikitazamana na ukuta.

Na Mwalimu Makarius? Naye mgeni, ametoka Songea, hata redio hana. Lakini kila jioni viti havitoshi kwake, watu wanakalia mpaka kinu. Wanacheka nini pale? Nimesimama nyuma ya migomba kusikiliza. Walikuwa wanazungumzia mvua.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemaliza sura ya kwanza. Thubutu! Usingoje kualikwa, alika wewe. Usiogope kukataliwa. Na mtu jasiri hajielezielezi.

Nimethubutu. Nimealika wakubwa wa kijiji Jumamosi mchana: Kasian mwenyekiti, mzee Nestori, na jirani yangu Josepha, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Makarius sikumwalika. Akae na kinu chake.

Nitapika pilau. Ninao mchele wa Kasulu, jogoo mmoja, na kifurushi cha viungo alichonifungia mama. Nilipokifungua nikasikia harufu ya jikoni kwetu. Nikalia kidogo. Moshi pia ulikuwepo.

Jumamosi, 27 Septemba

Msiba.

Walikuja wote, wamevaa vizuri. Tulisalimiana kwa makofi kama desturi ya hapa, amahoro, amahoro, yaani amani, mpaka viganja vikawaka moto. Nikaleta sinia. Nikanawisha mikono. Kisha nikarudi nyuma nikasimama kando ya mlango, kama alivyokuwa akisimama marehemu baba. Mwenye nyumba hamtangulii mgeni.

Hawakula.

Walinitazama. Nikawatazama. Nikasema karibuni. Wakasema ahsante. Kasian akachokoa wali kwa kidole akatoa kijiti cha mdalasini, akakigeuzageuza juani. Nestori akapata mbegu nyeusi. Josepha akaniuliza kwa upole, mbona mimi sili. Nikajibu kwamba hiki, kwa leo, mimi siwezi kukila. Sikuongeza neno. Mtu jasiri hajielezielezi, na saumu ni siri ya mtu na Mola wake.

Kasian akakumbuka kwamba ana mkutano. Nestori akakumbuka mbuzi. Josepha alibaki kidogo, akainamia sinia akanusa, akaenda. Sinia lilibaki limejaa. Sikuwa na moyo wa kulitazama, nikaliweka nje. Meja, mbwa wa Josepha, akala pilau ya mama yangu yote.

Jumapili, 28 Septemba

Watu wamekuja!

Nimeamka nikasikia minong'ono. Nachungulia, uani pamejaa watu, wakubwa kwa wadogo. Nikatoa viti vyote viwili na mkeka. Nikakimbilia ndani kutafuta shati. Moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

Kumbe wanamtazama Meja. Amelala chali, tumbo juu, hajitikisi. Nestori amechuchumaa anahesabu pumzi. Nikawakaribisha kwenye viti, hakuna aliyekaa. Adhuhuri mbwa akaamka, akapiga miayo, akaja kulamba sinia tena. Watu wakaondoka kama waliopunjwa. Sikuelewa. Labda hapa mbwa hawalali.

Jumatatu, 29 Septemba

Sura ya pili. Beba lawama! Usiseme wageni hawana adabu. Simama mbele ya watu, kiri kwamba kosa ni lako, utaona mioyo inavyofunguka.

Asubuhi kwenye shamba la ujamaa, kabla ya kushika majembe, nikaomba nafasi. Nikasema yaliyotokea Jumamosi ni yangu mimi. Asilaumiwe mwingine. Nakiri yote.

Kasian akavua kofia. Nestori akauliza niliweka nini hasa mle ndani. Swali zuri! Nikamtajia kimoja kimoja: magome, mbegu, vikonyo vilivyokaushwa, vyote nimeletewa na mama kutoka Pangani, na vipimo vyake anavijua yeye peke yake, aliachiwa na bibi.

Nilipotaja Pangani waliokuwa mbele walirudi nyuma. Kasian akasema shambani leo nipewe mstari wangu peke yangu. Heshima kubwa, nadhani. Nililima mpaka jua likawa utosini, na sauti ya karibu niliyoisikia ilikuwa ya jembe langu. Makarius alipita na wanafunzi, akanipungia mkono akataka kusema kitu. Nikajifanya nang'oa magugu.

Jumatano, 1 Oktoba

Mioyo haijafunguka. Kisimani ndoo zinaondolewa nikifika. Nimesema habari za leo mpaka nimechoka, wanajibu wakiwa wanaondoka. Jana nilifuturu nikazungumza na kata ya maji. Nikaiuliza kama chumvi imekolea.

Nakiri hapa: ninaumia. Mchana nafunga chakula, na watu nafungishwa usiku na mchana.

Lakini ipo sura ya tatu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Buni! Njia ya zamani ikiziba, toboa pengine. Kama watu hawaji kwenye chakula, chakula kiwaendee watu!

Baada ya daku nimekaanga vitumbua, nikavipaka asali, nikavifunga kwenye majani ya mgomba kwa kamba nyekundu. Alfajiri, kabla jogoo hawajamaliza, nikapita kimyakimya mlango hadi mlango nikaacha kifurushi kimoja kila kizingiti. Bila jina. Kitabu kinasema ukarimu wa kweli hautafuti sifa. Kurudi nilikuwa natabasamu peke yangu gizani.

Kulipopambazuka nikasikia mayowe. Furaha, nikadhani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Si furaha. Mkutano wa dharura. Vifurushi vyote vimeokotwa kwa vijiti na kutumbukizwa chooni. Mtu ameweka vitu milangoni alfajiri, vimefungwa kamba nyekundu! Kasian akasema lazima mhusika apatikane.

Niliikumbuka sura ya pili. Nikakumbuka pia jinsi ilivyonifaa. Nikasimama nikasema kitendo hiki ni cha aibu, na mimi, kama mtumishi wa serikali, najitolea kuingia katika kamati ya uchunguzi. Wakatazamana. Sijui kama walitaka nikae karibu wanione vizuri, lakini wakakubali.

Kamati imekaa mchana kutwa chini ya paa la ofisi ya kijiji. Tulikuwa benchi moja. Bega la Nestori liligusana na langu alipokuwa akisinzia. Hatukugundua lolote. Sijapata siku nzuri kama hii tangu nije Kibondo.

Jumanne, 7 Oktoba

Idd.

Nimevaa kanzu. Nimeswali peke yangu, nikajipa mkono wa Idd mwenyewe, wa kulia kwa wa kushoto. Nimepika pilau ya mwisho wa mchele. Kwa nani? Sijui. Mikono inapika yenyewe.

Mchana akaja Josepha, na Meja nyuma yake. Akasema mbwa wake ametimiza siku kumi akiwa hai, tena amenenepa, na yeye tangu siku ile harufu ya kile chakula haijamtoka puani. Akaketi mkekani. Nikaleta sinia. Nikarudi nyuma nikasimama kando ya mlango.

Akalisukuma sinia kwangu.

"Bwana Nyuki, wee! Onja wewe kwanza. Huku kwetu mpishi ndiye anayetangulia, mgeni apate amani. Ungekula tonge moja tu siku ile, tungekulambia mpaka sinia!"

Nikamweleza kwamba nilikuwa nimefunga. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasema ningelitamka hilo neno moja, nani angeniogopa? Makarius mwenyewe alitaka kuwaelezea, watu wakamwambia ameanza kurogwa na yeye. Na vitumbua vya kamba nyekundu anajua vilitoka wapi, kijijini hapa nani mwingine ana asali ya kuchezea? Lakini hatasema.

Nikala tonge. Akala sinia. Tukala kimya, na kilikuwa kimya cha watu wawili. Sikuwa nimejua kwamba hicho nacho kipo.

Akiondoka akasema kesho nyumbani kwake kuna karamu ya ubatizo wa mjukuu. Watakuwepo Kasian, Nestori, Makarius. Nije tu, nisibebe kitu, nikae. Kuku mmoja atachinjwa na kijana wa Kiislamu kutoka mjini, kwa ajili yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Ushindi! Sura ya tatu imefanya kazi. Nilibuni, mgeni akaja. Na sasa nimefikia sura ya nne: Panua! Mwandishi anasema ukipata tone la mafanikio usilale, fanya jambo kubwa mara kumi.

Nimekaa tangu asubuhi napanga karamu ya kijiji kizima. Mchele magunia, jogoo wa kutosha, na viungo mara tatu, mama atatuma. Kila kifurushi kamba nyekundu. Mimi mwenyewe nitasimama kando ya mlango, sitagusa tonge mpaka mgeni wa mwisho ashibe. Ndivyo tulivyolelewa.

Josepha ameniita mara mbili kutoka nje, kwa ile sauti yake. Nimelala chini ya dirisha nisionekane. Kitabu kinaonya juu ya wanaokukatiza kazi.

Jioni sasa. Kwa Josepha wamejaa. Nasikia makofi, amahoro, amahoro, na kicheko cha Makarius, na kuku ananukia. Mtu ameuliza kwa sauti, Bwana Nyuki yuko wapi? Halafu wamenyamaza kidogo. Halafu wameendelea.

Wanapataje wageni watu hawa? Lazima siri yake ipo katika kurasa zile zilizoliwa na panya.