Sukari Imeshuka

Leo nimejimaliza. Tena siku ya Krismasi, tena mbele ya wapangaji wa ploti nzima. Naandika haraka kabla sijafa kwa aibu.

Kwanza ieleweke: nina ugonjwa wa sukari. Najidunga insulini kila siku, na nje ya nyumba yetu hapa Lindi, Kibera, hapakuwa na mtu anayejua. (Hapakuwa. Mpaka leo mchana.) Sikutaka wajue shuleni, na zaidi sikutaka ajue Mama Atieno wa mlango wa pili, kwa sababu akijua yeye, anajua pia kijana wake Ouma wa Form Four, na Ouma ana meno mazuri sana. Sitasema zaidi.

Sista wa kliniki alinipa sheria za sikukuu. Usijidunge mpaka chakula ukione kwa macho yako. Ukishajidunga, kula, usingoje mtu. Chapati mbili, kuku, sukuma wiki hata ujaze sahani. Wali na soda waachie wenye miili inayojitegemea. Mimi ni mtoto mtiifu. Asubuhi nilikunywa uji nusu kikombe tu (nilikuwa nabakisha nafasi, naomba msinihukumu), tukaenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nikachungulia mpaka nikaona Mama ameweka sufuria ya kuku mezani. Nikaingia nyuma ya pazia, nikachukua sindano niliyokuwa nimeichemsha, nikajidunga pajani. Nikatoka nikiwa tayari kabisa.

Hapo Baba Mdogo, aliyetoka Kawangware na bibi yake na watoto, akasimama. Baba Mdogo ni mhubiri. (Hakuna kanisa lililomtuma. Anajituma.)

"Kabla hatujala," akasema, "tuombe kidogo tu."

Kidogo! Aliombea nyumba. Akaombea ukoo wetu kule nyumbani Bungoma, jina kwa jina, na akisahau mtu anarudi nyuma kumchukua. Akaombea walio safarini. Akaombea yule kuku, ambaye kwa maoni yangu alikuwa amechelewa kuombewa. Nilifungua jicho moja. Chapati zilikuwa zimeacha kutoa mvuke.

Halafu jasho likaanza. Jasho la baridi, mgongoni. Magoti yakatetemeka, midomo ikafa ganzi. Nikajua. Hii si njaa. Hii nikikaa nayo nitaanguka, na nikianguka mtu kama Baba Mdogo atanikemea pepo badala ya kunipa kitu kitamu.

Lakini mimi huwa na akiba: kijiko cha sukari nimekifunga kwa karatasi ya gazeti, kinakaa juu ya rafu. Nikanyoosha mkono polepole, macho yangali yamefungwa, nikakipata, nikafungua, nikamwaga chote mdomoni.

Magadi.

Yale magadi ya kulainishia mboga! Kumbe sukari yangu Mama aliitia kwenye chai ya wageni asubuhi, karatasi akaifungia magadi, maana sukari imepotea madukani wiki nzima. Ulimi ukashika moto. Nikatema. Nikatema kwa nguvu, "Pthuu!", katikati ya maombi.

"Ndiyo!" Baba Mdogo akapaza sauti. "Mtemeni shetani! Binti ameguswa! Tuendelee!"

Tuendelee. Aki ya Mungu.

Sista aliniambia pia kwamba ikishuka sana mtu hukosa adabu. Sasa najua ni kweli. Mimi, ambaye darasani naulizwa jina langu na kujibu kwa kunong'ona, nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo:

"MAMA! SUKARI IMESHUKA!"

Mama akaruka, akanyakua soda ya wageni, akaifungua kwa meno, akanishikia chupa mdomoni. Nikanywa kama ndama. Baba Mdogo akasema "Amina" kwa huzuni.

Ingeishia hapo. Lakini ukuta wetu na wa Mama Atieno ni mabati, na mabati hayatunzi siri.

"Mmesikia?" ikatoka sauti upande wa pili. "Kwa kina Nekesa wanasema sukari imeshuka!"

"Imeshuka bei? Lini?"

"Sasa hivi! Leteni mkebe! Ouma, kimbia!"

Milango ikabamizwa ploti nzima. Nikasikia viatu vikielekea kwa mwenye duka wetu, ambaye tunamwita Bwana Hakuna kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Unga? Hakuna. Mafuta? Hakuna. Sukari? Unauliza kama mgeni?

Nilikuwa kwenye chapati ya kwanza umati uliporudi. Vikombe, mikebe, mama mmoja na karai. Mbele yao Bwana Hakuna mwenyewe, amevaa suti ya Krismasi na hasira, anapiga kelele ati bei ni ile ile.

"Nani ametangaza sukari imeshuka?"

Wote wakaniangalia. Nikatoka mlangoni na chapati shavuni.

"Ni mimi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna." (Nilimaanisha hakuna mtu. Watu wakacheka.) "Ni yangu. Sukari yangu ndiyo imeshuka."

"Yako? Ati yako?" Akanisogelea. "Kumbe ni wewe unaniharibia biashara! Unauzia wapi?"

"Siuzi. Iko kwa damu."

Nikatamani ardhi ya Kibera inimeze. Mama Atieno ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka mkebe chini.

"Woi, mtoto wangu. Wewe ndiwe mgonjwa wa sukari? Na unakaa hapo pembeni yangu bila kuniambia? Ungeanguka tungesema nini?"

Hapakuwa na aliyecheka. Ouma alikuwa nyuma yake na kikombe. Nilimeza chapati bila kuitafuna.

Halafu Mama Atieno akageuka pole pole.

"Na wewe, bwana. Jana uliniambia sukari hakuna."

"Hakuna," akasema Bwana Hakuna kwa mazoea.

"Sasa mbona umekimbia kutoka dukani ukipiga kelele ati bei ni ile ile? Bei ya nini?"

Sijawahi kuona suti ikinywea na mtu akiwa ndani. Walimsindikiza mpaka dukani, na huko chini ya magunia ya makaa sukari ikafufuka. Mama Atieno alirudi na kikombe kimejaa, akampa Mama. "Hii ni ya mtoto. Chai ya wageni isiiguse."

Sasa wote wanajua. Watoto wameshaanza kuniuliza mlangoni, "Nekesa, leo imepanda ama imeshuka?" kama mimi ndiye redio.

Jioni nilikuwa naosha sufuria nje. Ouma akapita, akasimama.

"Sasa, Nekesa. Ikishuka tena, usingoje maombi. Gonga tu mabati."

Akatabasamu, na yale meno yake yote. Jasho likanitoka mgongoni. Magoti yakaanza kutetemeka. Nikakimbia ndani, nikamwambia Mama (kwa kunong'ona, nimejifunza) anipe kipande cha chapati.

Nimekula chote. Hakijasaidia.