Nirudishie Kuyumba Kwangu

Kwa Mwalimu Iradukunda,
Mazoezi ya Jumapili, ufukweni, Gisenyi.

Mwanangu Mwalimu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na ile utakayoipata ukizeeka naitanguliza. Mimi ni Mudathiru, fundi cherehani, yule mwenye kofia anayejificha nyuma ya kundi. Nilikuja kwako baada ya kuteleza sokoni, nikawa nayumba kama kiti kibovu. Ukaniamuru nisimame kwa mguu mmoja, nikaze tumbo, nitazame mbele, nipumue. Nikatii. Sasa nimepona, na hayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Arusini sipewi tena kiti. Juzi kwa Mbonigaba niliambiwa niwapangie wengine viti.

2. Vijana wa pikipiki walikuwa wakinibeba kama trei ya mayai. Siku hizi wananirusha kila tuta, eti mzee haanguki.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Kabatesi na mimi ni watu wa zamani, na watu wa rika letu hapa hawashikani mikono barabarani. Tangu tuoane, mmoja hutangulia, mwingine hufuata. Nilipoanza kuyumba akanishika mkono kutoka nyumbani hadi ziwani, mchana kweupe, na hakuna aliyetucheka, maana mgonjwa ni mgonjwa. Mwalimu, nilifurahi mno! Sasa jana kaniona nimesimama kwa mguu mmoja navaa kiatu. Akasema, "Aah, we iko muzima, tembea!" Akatangulia na kikapu chake. Nikamfuata, imara miguuni, mnyonge moyoni.

Kwa hiyo naomba zoezi hilo la mguu mmoja lifutwe. Pia utangaze kwa kipaza sauti kwamba sijapona, na ikiwezekana wilaya ipige marufuku afya njema kwa wote waliooana zamani.

Wasalimie wanakikundi wote, hasa wanaoanguka.

Mtiifu wako mwenye kinyongo,
Fundi Mudathiru

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Kabatesi kaja kuniambia goti lake limelegea ghafla, nimshike mkono twende sokoni. Goti lipi, hakusema, nami sikuuliza. Tafadhali puuza yote niliyoandika. Jumapili tunakuja wote wawili. Mimi nifundishe na mguu wa kushoto, maana sasa nina mtu wa kumshikilia. Yeye mwache kwanza, asije akapona.