Kokwa za Tende kwenye Dele la Bibi

Jumamosi, 5 Agosti

Sijamwambia mtu, hata Mama. Kahawa aliyokunywa Bibi Wadha jana jioni, akalamba midomo na kuomba finjani ya pili, haikuwa kahawa. Ilikuwa kokwa za tende. Nilizikaanga mwenyewe mpaka zikawa nyeusi, nikazisaga, nikatia iliki bila huruma.

Sababu ninayo. Bibi halali. Magoti yanamuuma tangu sijaanza shule, na sasa shule nimeimaliza na bado yanamuuma. Tunalala chumba kimoja, kwa hiyo kila anapojigeuza najua. Jana alikuja Ami Ghazi kutoka Amman, kaka yake Baba, akasema imetosha. Ijumaa ijayo anakuja na gari kumchukua Bibi akaishi kwake, jengo lenye lifti, karibu na madaktari. Mji wetu huu, Salt, ni mji wa ngazi, alisema, na mzee asiyelala iko siku ngazi zitamwangusha. Mama akajaribu: labda Mungu atamjalia usingizi. Ami akajibu kwamba siku atakaposikia mama yake analala usiku na kushuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe, atanyamaza.

Baba hakuwepo kusema lolote. Yuko njiani na lori, Aqaba, kama kawaida.

Bibi naye? Aliomba kahawa. Baada ya isha! Ndipo akili iliponijia.

Mbele za watu ulimi wangu huwa gogo. Bibi ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kuyapanga maneno kwanza. Akienda Amman nitaongea na nani? Paka?

Kwa hiyo nimepanga. Chakula, si dawa, maana dawa Bibi huzitema kwenye chungu cha mrihani. Nina wiki moja.

Jumapili, 6 Agosti

Alilala! Si usiku kucha, lakini alilala na akakoroma. Nilikesha kwa furaha, na asubuhi macho mekundu yakawa yangu. Mama akaniuliza kama nimependa mtu.

Bibi anasema iliki ya safari hii ni nzuri na kuanzia leo kahawa nipike mimi. Jamani!

Sasa magoti. Redioni daktari alisema samaki wenye mafuta, manjano na tangawizi huenda vikapunguza maumivu ya viungo. Alisema "huenda" mara nyingi, na kila mara nilisikia. Lakini "huenda" si "hapana." Sisi tuko milimani, samaki wetu ni wa kopo. Nikazificha sadini ndani ya majani ya mzabibu ya kujaza, katikati ya wali na nyama. Nilidhani hazitajulikana.

Bibi alitafuna moja, akaacha, akauliza ni nani aliyefia humo. Mama akayafungua majani moja moja kama anayekagua maiti. Nikasema labda bucha siku hizi... Sikumaliza. Chakula cha mchana kililiwa na paka. Magoti ya paka sasa yako salama.

Jumanne, 8 Agosti

Siku mbaya toka juu mpaka chini.

Asubuhi: maziwa ya moto yenye manjano na tangawizi. Bibi akauliza kama nataka kumpaka rangi ukuta wa tumbo. Na Lubna alikuwepo! Lubna ni binti wa Ami Ghazi, anasoma ufamasia, mwaka wa pili, na huongea kana kwamba yuko wa ishirini. Alikuja kuangalia sanduku gani la Bibi litaingia garini. Akayanusa maziwa yangu na kuuliza mganga wetu amehitimu lini. Wote wakacheka. Nikakimbilia jikoni, na huko nikapata jibu kali sana. Nilipotoka nalo, Lubna alikuwa ameshafika mwisho wa ngazi.

Alisema jambo moja la maana, sikatai. Alimwambia Bibi kahawa anywe asubuhi tu, na atembee kidogo kila siku, hivyo viwili vitamfaa kuliko sufuria zote za Rudayna, yaani mimi. Bibi akamjibu kwamba marehemu Babu alimwoa kwa sababu ya kahawa, na ataiacha akimfuata kaburini. Nikatazama dari.

Mchana: kokwa zikaisha. Nikakaanga nyingine, nikazitia kwenye mashine ya Mama ya kusagia. Kokwa ni mawe! Kisu kikakatika. Nimemwambia Mama mashine imezimika yenyewe, labda umeme.

Kikabaki kinu cha Babu, kile kirefu cha mti cha kutwangia kahawa. Nikatwanga. Nikasahau jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto mchanga analijua: kinu hicho kikilia, ni mwaliko. Kila mdundo unasema karibuni. Sikuwa nimefika nusu, Umm Nayif, jirani wa ngazi ya juu, yuko mlangoni na upepeo wake mkononi, anauliza iko wapi hiyo kahawa inayoita.

Bibi alifurahi mno, akammiminia kwa mkono wake. Umm Nayif akaonja. Akaishikilia mdomoni. Akameza. Akauliza kama siku hizi tunakaanga milango. Bibi akamwambia kwamba mdomo uliozoea kahawa ya pakiti hauwezi kuijua ya kweli. Umm Nayif akanyanyuka bila hata kutikisa finjani kuonyesha ametosheka, akaenda zake. Wamenuniana! Kwa ajili ya kokwa zangu.

Alhamisi, 10 Agosti

Leo ilikuwa posa ya mjukuu wa kike wa Umm Nayif. Mmenuniana au hamjanuniana, posa haikosi mtu. Wazee wa upande wa mvulana walijaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, mlango wazi, shingo zimenyooshwa. Mzee wao mkuu akapewa finjani, akaiweka chini mbele yake asiiguse. Ndivyo ilivyo: mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe, na mwenye nyumba hawezi kuiacha kahawa ya mgeni ikapoa, ni aibu ya kusimuliwa na vitukuu. Lakini babu wa binti anajipenda anavyoongea, akahutubia tangu mababu wa kwanza, na kahawa ikapoa palepale. Mwisho akasema: kunyweni kahawa yenu, mliloliomba mmelipata. Vigelegele!

Bibi alikunywa tatu kule, za kweli. Akaninong'oneza kwamba yale ni maji ya kuoshea sufuria, kahawa ni ya kwetu. Sikujua nicheke au nitubu.

Basi usingizi haukumjia. Magoti yakawaka moto. Nikamsugua mafuta ya zeituni, na gizani akaniambia jambo ambalo hajamwambia Ami. Kwamba aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi na hataki kutoka akiwa mzigo. Nikamwambia basi kataa. Akasema, "Mwanangu wa kumzaa akiniomba mbele ya watu, nitamnyima kwa uso gani?"

Kesho ni Ijumaa!

Ijumaa, 11 Agosti



Ami alikuja baada ya sala, pamoja na Lubna, na nyuma ya gari patupu pa kutia sanduku. Umm Nayif naye akaja. Kununa ananuna, lakini ugomvi wa nyumba ya watu haumpiti. Ami akamuuliza Bibi amelalaje. Bibi akasema kama mtoto mchanga, kisha akapiga mwayo, taya likalia.

Nikaleta dele. Nikamimina. Ami akapokea finjani yake, akaitazama, akaiweka chini.

Akasema, "Mama, leo mimi si mwanao, ni mgeni wako. Sinywi mpaka uniambie tunakwenda."

Upepeo wa Umm Nayif ukasimama hewani. Mvuke unapanda kutoka kwenye finjani, unapungua. Bibi akaitazama. Niliuona mdomo wake wa chini ukicheza. Akavuta pumzi. Akaanza, "Kunywa, mwa..."

"Hiyo si kahawa!"

Mtu alisema hivyo kwa sauti kubwa. Nikageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi.

Basi nikayatoa yote kwa pumzi moja. Kokwa za tende, tangu wiki iliyopita, kisu cha mashine, kinu, hata sadini, ambazo hakuna aliyeziuliza. Umm Nayif akajipiga paja akasema si niliwaambia mlango! Lubna akafunika mdomo. Na Bibi, ambaye maisha yake yote hajampa mgeni kahawa ya jana, akaelewa kwamba amemkaribisha jirani kwa kokwa na akagombana naye kuzitetea. Uso ukamwiva. Akaninyooshea kidole, nikajua nimekwisha.

Kidole kikakwama njiani. Kikageuka, taratibu, kikaielekea finjani ya Ami.

"Ghazi mwanangu," akasema. "Umeniwekea kokwa?"

Ami akasema nia ni ile ile, Mama. Bibi akasema nia ni ya sala, hapa tunazungumza habari za kahawa, na kokwa ya tende haijamfunga mtu tangu dunia iumbwe. Ami akamgeukia Umm Nayif, mtu mzima, aamue. Umm Nayif akajipepea mara tatu. Kisha akasema kahawa ni kahawa, na hiyo ni mlango.

Ami akaniamuru nipike ya kweli aiweke upya. Bibi akasema leo nyumba hii haina kahawa. Haina! Bibi Wadha! Mama akashika kichwa. Lubna akaniuliza, kwa ile sauti yake tamu, kopo la kahawa ya kweli nimelificha wapi. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niijuayo. Kopo lilikuwa chini ya kochi alilokalia.

Ami akazinywa kokwa, akakunja uso, akamaliza, maana ni mtu mwenye adabu. Mlangoni akasema Ijumaa ijayo atakuja na kahawa yake mwenyewe kwenye chupa. Bibi akamwambia karibu, na finjani pia aje nazo.

Jumamosi, 12 Agosti

Bibi hakunisemesha mpaka adhuhuri. Alipoanza, aliniita Bibi Kokwa. Akasema kuna mambo matatu ya kukumbuka: usimdanganye mtu katika kahawa, usimdanganye katika kahawa, na la tatu nilijaze mwenyewe. Nikaapa kwamba kokwa sipiki tena. Kisha akanimegea nusu ya mkate wake wa ufuta, akaendelea kununa.

Jioni akanywa ya kweli, finjani juu ya finjani, kuiosha wiki nzima. Akakesha. Nami nikakesha.

Umm Nayif alinishika mkono kwenye ngazi, akatazama huku na huku. Anauliza kama zile kokwa zilibaki. Siku ile alilala, anasema, mpaka watoto wakaja kumtikisa. Bibi asijue.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimekuwa mkweli tangu Jumamosi. Bibi hajalala tangu Jumamosi. Goti la kushoto limevimba, na leo alishuka ngazi kwa makalio, akidai anazipangusa vumbi. Ijumaa inakuja na chupa yake.

Nilifikiri nimwambie tu. Usoni. Bibi, kahawa iwe ya asubuhi, jioni tushuke pamoja polepole mpaka kwa muuza viungo na kurudi, nitakushika mkono. Huenda akakubali. Mimi hunisikiliza. Nilifika mpaka mlango wa chumba na maneno yote yakiwa tayari. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nimekuja kuchukua kitana.

Kwa hiyo nimenunua shayiri. Ikikaangwa inanukia kuliko kokwa, haivunji mashine, na niliapia kokwa, shayiri sikuitaja. Nimeichanganya nusu kwa nusu na kahawa ya kweli, ili nisiwe mwongo mzima. Na Ami akiweka finjani chini tena, Bibi atalazimika kukubali nusu tu ya haja yake. Nimelipima jambo hili kila upande. Halina kasoro.

Amekunywa mbili baada ya isha. Amesema hii ndiyo kahawa, si kama ule upuuzi. Sasa hivi naandika, naye anakoroma, mkono umelegea juu ya goti.

Wewe uliyeipata shajara hii, nakuomba kwa adabu zote: usimwambie Mama, usimwambie Umm Nayif, na Lubna hata ukimwona barabarani pita upande wa pili. Funga taratibu. Usimwamshe.